Tumbo la Tangi

Mama Moria hakufa.

Nyinyi mliokuwa mkinisimamisha njiani wiki nzima kuniuliza kama nimemuua mkaanga akara wa watu, yule wa bagia za kunde, haya, rudisheni roho zenu mahali pake. Tulimwacha njia panda mjini Iwo, mchana wa Ramadhani, jiko lake la mafuta ya taa limemlipukia usoni kabla karai halijapata hata joto. Hakufa. Alijitupa chini akagaagaa, majirani wakammwagia mchanga, akainuka. Na sasa huyu hapa anaingia kituo cha mafuta cha Wuraola kwa miguu yake, nyusi hana, kilemba kimeungua upande, dumu lake la njano mkononi.

"Alhaja! Alhaja Wuraola! Toka huko ndani uje uniambie umeniuzia nini!"

Alhaja Wuraola, mjane mwenye kituo, alitoka ofisini akiwa na jibu tayari la kumtuliza mtu wa kelele. Alipouona uso ule, akamkimbilia.

"Subhanallah! Mama Moria, nani kakufanya hivi?"

"Wewe!" Mama Moria akalibwaga dumu miguuni pake. "Asubuhi nimenunua hapa hapa, kwa pesa yangu, sikukopa. Nawasha jiko nikaange akara za futari, moto ukanirukia mzima mzima. Hebu nusa mwenyewe!"

Alhaja alifungua kifuniko akanusa. Alikuwa ameishi na mafuta miaka mingi, pua yake haikuwa ya kudanganywa. Mafuta ya taa yana harufu nzito, ya kunata. Hii ilikuwa kali, ikampanda mpaka machoni.

Ilikuwa petroli.

 

"Kamoru! Kamoru, njoo na fimbo ya kupimia!"

Kamoru, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo. Alikuja akiburuta miguu. Akafungua mfuniko wa tangi la mafuta ya taa, akateremsha fimbo mpaka chini, akaitoa ikiwa inachuruzika. Alhaja akainusa kuanzia juu. Kadiri pua ilivyoshuka, harufu ilizidi, na alipofika ncha ya chini akarudi nyuma hatua nzima.

"Shemeji," Kamoru alinong'ona, "usiseme kitu mbele za watu."

"Petroli imeingiaje humu?"

"Unaniuliza mimi?"

Hapo Alhaja akakumbuka, na akatamani ardhi ipasuke immeze.

Sikilizeni vizuri, maana kosa hili hamtalielewa kama hamjawahi kumiliki kituo kidogo. Wenye mabohari kule Lagos hawakuuzii kiasi unachotaka wewe. Wanakuuzia lori zima, au urudi kwenu. Mkubwa mwenye vituo kila mji hana shida, lori moja atalimaliza kwa kituo hiki na kile. Lakini tangi la petroli la Alhaja halimezi lori zima. Mwezi uliopita lori lilikuja, tangi likajaa pomoni, na lori bado lina mzigo. Aupeleke wapi? Pembeni kulikuwa na tangi la mafuta ya taa, limekaa tupu tangu mafuta hayo yaadimike mwaka jana. "Mimina humo," alisema. Sheria inakataza, kila tangi na mafuta yake. Wenye vituo vidogo wote wanafanya hivyo, na wote wanakana.

Petroli ile ikauzwa, pampu ikavuta mpaka ikakohoa hewa. Kisha jana, bahati ya mtende, yakapatikana mafuta ya taa. Dereva wa lori akauliza, "Tangi limekauka, Alhaja?" Naye akajibu, "Limekauka, mimina."

Halikuwa limekauka. Bomba la pampu haligusi sakafu ya tangi. Linakomea juu kidogo, lisinyonye maji na takataka. Kile kinachobaki chini, wenye kazi wanakiita tumbo la tangi, na hakuna mwenye kituo asiyelijua. Alhaja alilijua. Alisahau, kwa sababu watu walishapanga foleni, Ramadhani imewabana, na yeye alikuwa na furaha.

"Tumeuza tangu asubuhi," alisema. "Mji mzima umechukua."

"Na hakuna kilichotokea," Kamoru akasema upesi. "Ni huyu mmoja tu, na mzima."

"Kamoru, watu wamefunga. Nani amewasha jiko mchana huu zaidi ya mkaanga akara?"

Wote wawili wakatazama jua. Lilikuwa limeshavuka utosi. Alasiri ikipita tu, wanawake wa Iwo wataingia jikoni kwa pamoja, mtaa kwa mtaa, wapike ogi, uji wa mahindi, wakaange ndizi, kila mmoja na watoto wamemzunguka wakimuuliza bado muda gani. Na kila mmoja atawasha kiberiti.



"Funga pampu."

"Shemeji, tulia kwanza. Mwezi wa Shaabani walitufungia kwa ile pampu iliyokuwa inapunja. Mkaguzi alisemaje? Mara ya pili leseni inakwenda. Ukitangaza jambo hili umejinyonga kwa kilemba chako. Na wale pale wanangoja nini? Wanangoja uanguke!"

Alinyoosha kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha kampuni ya Obelawo, taa zinawaka mchana kwa jenereta, na ubao wa bei ambao kila Alhaja akishusha, wao wanashusha zaidi. Wana mabohari yao wenyewe. Wanaweza kushusha mpaka mtu afe.

"Nimesema funga pampu, Kamoru."

Foleni ilikuwa ndefu. Wanawake walisimama na madumu yao, na madumu mengine yalisimama yenyewe kushika nafasi za wenyewe waliojipumzisha kivulini. Pampu iliponyamaza, wa kivulini wote wakaamka.

"Imeanza! Si nilisema? Kesho bei inapanda, leo anaficha!"

"Alhaja, mwezi mtukufu huu! Muogope Mungu!"

"Amuogope wapi! Maka alikwenda, uchoyo aliuacha nyumbani unamsubiri."

"Sikilizeni!" Alhaja alipaza sauti. "Mafuta haya ni mabaya! Yamechanganyika! Aliyenunua asiyawashe!"

"Asubuhi mazuri, mchana mabaya! Na kesho yatapona, kwa bei mpya!"

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja mnene wa mbele kabisa akasukuma dumu lake hadi kwenye pampu. "Mabaya hayo hayo nipe mimi, Alhaja. Nitayavumilia."

Nani aliwahi kumwamini mwenye kituo anaposema mafuta hayauzwi? Wamesikia hivyo kila bei ilipotaka kupanda, na siku ya pili yake mafuta yalionekana. Safari hii alikuwa anasema kweli tupu na haikumfaa kitu. Wawili waliokuwa wameshajaziwa walijitwika madumu yao wakaondoka mbiombio, wakidhani watanyang'anywa. Alhaja alimkamata mmoja upindo wa nguo, yule mama akajikung'uta akapita. Bwana mmoja akasogea pembeni na simu. "Haloo, ofisi ya mafuta? Ndiyo, Iwo. Kuna mtu huku anaficha."

"Wanajileta wenyewe kuungua," Alhaja alijisemea. "Nitafanyaje mimi? Nitafanyaje?"

Mama Moria alikuwa amekaa kwenye ukingo wa sementi, akijipepea uso kwa kipande cha katoni. Akainuka.

"Alhaja. Kosa la nani?"

"Mama Moria, sasa hivi siyo..."

"Sasa hivi ndiyo. Sema kwa kinywa chako. Ukiniambia la dereva wa lori, mimi najiendea zangu hospitali."

Alhaja alimtazama Kamoru. Kamoru alitikisa kichwa, usithubutu. Aliwatazama watu. 

"Langu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema mimina."

Mama Moria akavua kilemba chake. Nywele za mbele hazikuwapo, na ngozi ya paji la uso ilikuwa imeanza kuvimba malengelenge. Akageuka, akausogeza uso ule mpaka kwa mama mnene.

"Mnanijua wote. Mmekula akara zangu tangu mnanyonyeshwa. Nimeyawasha mafuta ya huyu leo. Haya, anayetaka sura kama hii na asogee, nafasi ipo."

Hakuna aliyecheka. Mama mnene akalivuta dumu lake taratibu, akalificha nyuma ya sketi kana kwamba ameliiba.

Kisha mmoja akapiga yowe. "Dada yangu kachukua asubuhi!" Na mwingine: "Mkwe wangu!" Foleni ikasambaratika, watu wakakimbilia makwao. Lakini waliobaki kule mitaani, waliokwisha kununua wakaenda kulala wangojee alasiri, hao atawafikia nani?

"Baki hapa, Kamoru. Kila dumu litakalorudi, pokea. Mimi naenda msikitini kwa Imamu. Ana spika."

Kamoru akaitoa simu yake, akaitazama. 

Alhaja alikuwa anakata barabara nusu anakimbia nusu anatembea, mkono umeshika kilemba, gari jeupe lilipomsimamia mbele. Kioo kikashuka. Alikuwa Bwana Dehinde, meneja wa kituo cha Obelawo.

"Alhaja, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Yote. Barabara yenyewe si pana." Akafungua mlango. "Ingia, tuongee kama watu wazima. Mkataba ule wa kutukodisha kituo, uliokataa, ninao humu. Tia saini sasa, tuandike kituo ni chetu tangu asubuhi. Sisi tuna mawakili, tutasema ni hitilafu ya mitambo. Wewe unabaki na jina lako, na kodi yako unapata kila mwaka umekaa kitako."

"Na watu walionunua?"

"Watapewa taarifa."

"Lini?"

"Kesho, makao makuu wakishaipitia."

"Kesho tutakuwa makaburini, Bwana Dehinde."

"Alhaja, ukisimama kwenye spika ya msikiti umejihukumu mwenyewe. Leseni kwaheri. Na hakuna bohari litakalokuuzia tena hata kibaba."

Msidhani Alhaja ni malaika. Aliutazama mlango ule ulio wazi, ubaridi wa gari ukimpiga usoni, na aliona kabisa jinsi mambo yangekuwa mepesi. Kwa ajili ya kituo kile mumewe aliuza shamba la kakao la baba yake. Kila mwezi amekuwa akikipigania. Bei ya bohari inabadilika yeye amelala, benki inataka chake, na wenzake wenye vituo vidogo wamekwisha mmoja mmoja, vituo vyao vimepakwa rangi za wakubwa. Yeye alikuwa wa mwisho katika barabara ile. 

Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaingia garini.

"Alhaja!" Mwanamke mmoja alikuwa anapita, dumu kichwani, amebeba mtoto mgongoni, anatabasamu. "Mungu akulipe! Mwaka mzima nimepika kwa kuni, macho yameniharibika. Leo nafuturisha wanangu kwa raha."

Alhaja akautoa mguu garini.

"Shusha hilo dumu, mama," alisema. "Shusha, usilipeleke nyumbani. Nitakueleza." Na mlango wa Bwana Dehinde akaubamiza mwenyewe, kwa nguvu zote.

Imamu Tiamiyu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akashika kichwa.

"Binti yangu, umeme umekatika tangu juzi."

"Jenereta ya msikiti?"

"Ipo. Haina petroli."

Ndiyo, cheka, msomaji. Mwenye kituo cha mafuta kaja kuomba spika, na spika haina mafuta. Alhaja yeye hakucheka. Alimpigia simu Kamoru amletee petroli mbio. Simu ya Kamoru ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Kamoru hakuwahi kuzima simu hata akiwa msalani.

"Ewe wa okada!" Imamu alimwita mwendesha pikipiki aliyekuwa anatia udhu. "Pikipiki yako ina petroli?"

"Kidogo, Imamu."

"Chukua mpira, inyonye, tia kwenye jenereta."

Jamaa akaupata mpira, akauingiza kwenye tangi la pikipiki, akasita. "Imamu, nimefunga. Nikimeza je?"

"Utalipa siku moja. Nyonya!"

Akanyonya, akatema, akakohoa mpaka machozi. Jenereta ikagoma mara ya kwanza, ikagoma tena, ikanguruma. Imamu akashika kipaza sauti, kisha akakifunika kwa kiganja.

"Nilitaje jina lako? Naweza kusema tu mafuta ya kituo kimoja."

"Kuna vituo vingi. Watadhani siyo yao. Taja."

"Likishatoka halirudi, Alhaja."

"Taja, Imamu. Muda unakwenda."

Sauti ikatoka juu ya mnara, ikapita juu ya mabati ya mji mzima. Enyi watu wa Iwo, aliyenunua mafuta ya taa leo katika kituo cha Alhaja Wuraola asiyawashe. Yana petroli. Yanaua. Mwambie jirani yako. Yarudisheni. Imamu akarudia, na akarudia tena. Alhaja alikuwa amesimama chini ya mnara, anasikia jina lake likienda, likigonga nyumba za watu waliomheshimu, na alilia wazi wazi bila kujifuta.

Aliporudi kituoni, madumu yalikuwa yanakuja.

Yalikuja kutoka kila uchochoro, kichwani, kwenye baiskeli, kwenye toroli. Mama Moria, uso umepakwa asali na majirani, alikuwa langoni anapokea na kuhoji kila mtu. "Wewe wa mtaa gani? Jirani yako kanunua? Yuko wapi? Rudi ukamwamshe, hata akikutukana!" Kamoru hakuonekana.

Na mbele ya pampu alisimama mtu mrefu mwenye mvi, kitambulisho kifuani. Alikuwa mkaguzi, Bwana Etim, yule yule wa mwezi wa Shaabani.

"Mama, nimeambiwa unaficha mafuta. Nafika nakuta watu wanakurudishia. Kazi hii nimeifanya mpaka mvi zimeota, hili sijapata kuliona."

Alhaja akamweleza. Hakubakiza kitu, hata lile neno la "mimina." Bwana Etim akachukua fimbo, akapima mwenyewe, akanusa. Uso wake ukabadilika. Akaangalia madumu yaliyojaa uwanjani, juani, na watu katikati yake na simu masikioni.

"Zimeni simu! Wote, zimeni simu! Yeyote anayetaka kupiga simu aende ng'ambo ya barabara!" Akamgeukia Alhaja.  "Unajua uliloweka hapa? Cheche moja tu hapa, tutazolewa kwa vijiko. Nafunga lango sasa hivi."

"Nifunge mimi, Bwana Etim. Lango liache."

"Sheria inasema kituo kikifungwa, haingii mtu."

"Ukilifunga watarudi nayo majumbani! Nakuomba. Nikupigie magoti? Napiga." Na Alhaja Wuraola, mwanamke wa watu kumpisha njia, akapiga magoti kwenye sementi yenye mafuta.

Bwana Etim akatazama barabara. Madumu ya njano yalikuwa yanakuja tangu kona ya soko. Alitukana kidogo kwa lugha ya kwao, akaliacha lango, akaenda kumpokea bibi kizee mmoja dumu lake na kulibeba mwenyewe hadi kivulini.

Lakini pampu alizizungushia utepe mwekundu, zote. Na kisha akasema, bila ukali, "Leseni, mama." Alhaja akaingia ofisini, akaitungua ukutani na fremu yake, akampa.

Mngetarajia azimie. Wala. Alisimama kati ya madumu yale, mikono mitupu, akasikiliza mji. Hakukuwa na mlipuko. Hakukuwa na yowe. Mitaani watu walikuwa wanapasua kuni, wanapuliza mkaa, wanamlaani kwa jina lake, lakini walikuwa hai. Mama Moria akaja akasimama kando yake.

"Kila mtaa umerudisha. Hata wale wawili waliokukimbia."

"Wote?"

"Wote ninaowajua mimi, na mimi namjua nani asiyenunua akara?"

Kwa mara ya kwanza tangu mchana, Alhaja akavuta pumzi mpaka ndani. Leseni imekwenda, kituo kimekwenda, potelea mbali. Hakuna mtu atakayezikwa kwa ajili yake.

"Sasa yule shemeji yako," Mama Moria akasema, "mbona amejikunyata nyuma ya choo analia?"

Alhaja alizunguka nyuma. Kamoru alikuwa amechutama, mgongo ukutani, simu iliyozimwa mkononi. Hakunyanyua kichwa.

"Nilikupigia."

"Nilizima."

"Kwa nini, Kamoru?"

"Nilijua ataipiga. Akisikia harufu, atanipigia mimi."

"Nani?"

Kamoru alianza kujipiga kifua. "Shemeji, nisamehe. Alfajiri, kabla hujaja, kabla hatujafungua lango. Kuna mfanyabiashara wa mji jirani, Ejigbo, anaitwa Salami. Aliniahidi cha juu. Nikamjazia mapipa."

"Mapipa ya mafuta ya taa?"

"Matatu. Kayapakia kwenye gari kaondoka nayo."

"Ulimjazia kabla ya watu wote?"

"Kabla ya wote."

 Mafuta ya jana yaliitibua petroli ile ikapanda mpaka mdomo wa bomba, na pampu hunyonya ya chini kwanza. Tumbo la tangi, ile petroli yenyewe kali, haikwenda kwa Mama Moria. Mama Moria alipata masalia yake. Iliyo kali ilikuwa Ejigbo, ndani ya mapipa matatu, na spika ya Imamu haifiki Ejigbo.

Na jua lilikuwa limeinama.

Alimpokonya Kamoru simu, akakimbia nayo nje ya lango, akakata barabara bila kutazama magari, akaiwasha. "Namba! Taja namba yake!" Kamoru, aliyemfuata akijikwaa, akaitaja. Simu ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, changamfu, nyuma yake watoto wanapiga kelele.

"Salami yuko wapi? Mpe Salami!"

"Baba watoto yuko msikitini, simu kaiacha kwenye chaji. Nani mwenzangu?"

"Mapipa! Mapipa ya mafuta yako wapi?"

"Haya mapipa? Si haya hapa jikoni, yamenibana hata pa kugeukia sina. Kesho anayapeleka sokoni. Mimi nimechota kidogo tu cha futari."

"Usiwashe! Mama, usiwashe jiko! Toa watoto nje!"

"Eh? Sauti inakatika. Sema tena?"

"USIWASHE!"

"Sikusikii, dada yangu. Mtandao wetu huu nao! Usikate, eti? Nakuweka hapa mezani, niwashe jiko tu halafu tuzungumze vizuri. Adhana hiyo inanikimbilia."

Simu ikawekwa juu ya kitu kigumu. Alhaja alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka, mpaka watu wa kituo cha Obelawo wakatoka nje kutazama. Kule upande wa pili walikuwa wanaendelea na mambo yao. Alisikia sufuria ikiwekwa. Alisikia mtoto akiuliza kama uji una sukari. Alisikia kisanduku cha kiberiti kikitikiswa, kikafunguliwa, njiti ikakwaruzwa, ikavunjika.

"Viberiti vya siku hizi!" mama yule akacheka. "Vibovu vyote. Bisi, nipe kingine."

Bisi akampa.